Nyonga za Watoto Wachanga Penrith
Katika Penrith, magharibi mwa Sydney, kama kwingineko New South Wales, mtoto mchanga huchunguzwa nyonga ili kubaini iwapo kichwa cha mfupa wa paja kimekaa imara katika kikombe chake. Na palipo na shaka, hasa kwa aliyetanguliza makalio, hupigwa ultrasaundi, yaani picha ya mawimbi ya sauti, kwa kuwa kasoro iliyogunduliwa mapema mara nyingi hurekebishwa kwa mikanda laini inayoipanua miguu, ilhali iliyochelewa huhitaji upasuaji au husababisha usagikaji wa kiungo ukubwani. Mama wa Afrika Mashariki aishiye huko asione haya kumbeba mwanawe mgongoni kwa kanga, kwani mapaja yaliyopanuka huusaidia mfupa kutulia, na kumviringisha nguo miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa huongeza hatari.