Rufaa ya Usiku: Usafiri wa Dharura Vijijini Baada ya Siku ya 42



Mwaka 2007 Serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ukiwa na lengo ambalo hata mtoto wa shule angeweza kulieleza: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Wananchi walichimba misingi, wakafyatua matofali, wakasomba mchanga. Mengi ya majengo tunayofanyia kazi leo yana jasho lao. Mada yangu inaanzia pale ambapo jengo limekwisha kusimama, ni saa nane usiku, na mgonjwa amezidi uwezo wa zahanati.

Zahanati haifanyi upasuaji wala haiongezi damu, ndivyo ilivyopangwa. Kwa hiyo pasipo gari la kumpeleka mgonjwa mbele, kazi yake hukatikia njiani. Nilipokuwa tabibu kijijini, rufaa kwangu ilikuwa barua ya dakika tano. Kwa familia ilikuwa kumgongea mwenye gari, kuahidi mbuzi, kumpigia ndugu wa mjini atume chochote. Mara nyingi kulikucha bado wanahangaika, na masika korongo likijaa, hata mwenye gari alikataa.

Kwa wajawazito tumepiga hatua kubwa. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache tu, na hilo ndilo lililozaa mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuanza kusambazwa nchini mwaka 2022. Mtu anapiga 115 bila malipo. Mratibu anauliza dalili, anatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo anamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa karibu na hapo. Dereva analipwa na mfumo. Familia haidaiwi nauli. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Tusiipe m-mama sifa yote, maana sehemu kubwa ya kipindi kilichopimwa ilitangulia kuenea kwake. Hata hivyo, nauli imeondolewa mabegani mwa mume anayehangaika gizani, na hilo peke yake ni jambo kubwa.

Mfumo huo unamhudumia mjamzito, mama hadi siku ya 42 baada ya kujifungua, na mtoto mchanga hadi siku ya 28. Sasa mfikirieni mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali, viganja vimekuwa vyeupe, degedege limemshika mara mbili. Zahanati inaweza kumwanzishia dawa, lakini damu anayoihitaji iko hospitali. Mama yake ni yuleyule aliyebebwa bure alipokuwa akimzaa mtoto huyu. Usiku huu anarudi kwenye mbuzi na ndugu wa mjini. Siwezi kuukubali mpaka huo, na sidhani kama yupo humu ndani anayeukubali.

Ninachopendekeza si mfumo mpya. Dereva wa jamii yupo na njia anaijua. Halmashauri itenge fungu katika mapato yake ya ndani la kuwalipa madereva haohao kwa dharura chache za kuanzia: mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye dalili za hatari, aliyeumwa na nyoka, na majeruhi wa ajali. Mganga mfawidhi aidhinishe safari, na kamati ya kituo ikague malipo kila mwezi mbele ya serikali ya kijiji. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapite kaya kwa kaya wakifundisha dalili za hatari, ili mgonjwa asifikishwe kwetu akiwa amechelewa tangu nyumbani.

Litakalotusumbua ni kiwango cha nauli, hasa kwa vijiji vya ng'ambo ya mito, ambako dereva hukataa safari akiona malipo hayafidii mafuta. Naomba mjadala wetu uanzie hapo.