Urani yetu, mtambo wa watu: nani abanwe?

(Maelezo yaliyotolewa kwa vijana wa Kigombe, mkoani Tanga)

Nimeombwa niseme juu ya vikwazo na mitambo ya nyuklia inayotekwa vitani. Najua na wewe msomaji, uliyekaa kijiweni Ngamiani au Manzese, utauliza: nyuklia na sisi wapi na wapi? Subiri kidogo.

Tuanze na baruti. Hapa Kigombe nani asiyemjua samaki wa baruti? Nyama imelegea, uti wa mgongo umevunjika. Miaka nenda rudi doria zimewafukuza vijana wenye ngalawa, wakakamatwa, wakafungwa, na milipuko ikaendelea. Kwa nini? Kwa sababu aliyeuza baruti hakuguswa, na aliyenunua samaki kwa bei ya kutupa alikuwa mjini anahesabu noti zake. Kumbana huyo muuzaji na huyo mnunuzi, badala ya kukimbizana na ngalawa tu, ndiyo maana ya vikwazo.

Sasa twende Ukraine. Tarehe 4 Machi 2022 majeshi ya Urusi yaliuteka mtambo wa umeme wa nyuklia wa Zaporizhzhia, mkubwa kuliko yote Ulaya. Vinu sita, megawati 5,700. Bwawa letu la Julius Nyerere, na kelele zake zote, ni megawati 2,115. Vinu hivyo havizalishi umeme tangu Septemba 2022, lakini usidanganyike. Kinu cha nyuklia si taa ya kuzima kwa swichi. Ni kama tanuri la chokaa: moto umekwisha kuzimwa, ndani bado panaunguza. Lazima maji yazunguke usiku na mchana, na pampu za maji zinataka umeme. Bwawa la Kakhovka, lililokuwa likileta maji hayo, lilibomoka Juni 2023. Septemba 2025 umeme wa kutoka nje ulikatika kwa karibu mwezi mzima, pampu zikaendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Mwezi mzima, jamani, mamilioni ya watu wanalala wakitegemea jenereta!

Sheria ipo. Itifaki ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva inakataza kushambulia mabwawa na vinu vya umeme wa nyuklia pale ambapo raia wataangamia. Sheria ipo, polisi hayupo.

Anayeusimamia mtambo huo baada ya kutekwa ni Rosatom, shirika la serikali ya Urusi. Je, limebanwa? Umoja wa Ulaya ulipitisha awamu baada ya awamu ya vikwazo, ukagusa mabenki, mafuta, hata almasi, lakini Rosatom yenyewe ikapitwa pembeni mwaka hadi mwaka, maana Hungary na wenzake wana vinu vya Kirusi. Marekani ilipiga marufuku urani iliyorutubishwa ya Urusi Mei 2024, na papo hapo ikajiwekea mlango wa misamaha hadi mwisho wa 2027. Januari 2025 ikawawekea vikwazo wakuu wa Rosatom, akiwamo mkurugenzi mkuu, Alexey Likhachev.

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Mradi wa urani wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ni wa kampuni ya Mantra, ambayo ni ya Uranium One, ambayo ni ya Rosatom. Mwaka 2012 kipande cha Selous kilimegwa kupisha mgodi huo, kwa idhini ya Kamati ya Urithi wa Dunia, iliyokaa mwaka huo St Petersburg, Urusi. (Sisemi kitu, nataja tu ilikokaa.) Tarehe 30 Julai 2025, miezi sita tu baada ya bosi wa Rosatom kuingizwa kwenye orodha ya Marekani, Rais Samia alizindua kiwanda cha majaribio huko Namtumbo. Na sheria ya madini, ilivyorekebishwa 2017, inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Kwa hiyo katika baruti hii na sisi ni wauzaji.

Wapo watakaosema vikwazo ni mchezo wa wazungu. Tumesahau upesi! Tarehe 31 Julai 1996, pale Arusha, Mwalimu akiwa msuluhishi, nchi za kanda hii ziliiwekea Burundi vikwazo baada ya Buyoya kupindua serikali. Vilisimamishwa Januari 1999. Petroli ilipita njia za panya, wenye malori wakaneemeka, mlalahoi wa Bujumbura akaumia. Ndiyo maana mimi sitaki vikwazo vya kufunga mpaka mzima. Nataka vya kulenga kampuni na mkataba wake.

Mwingine atanikumbusha Koeberg. Kweli, wapiganaji wa ANC, chama tulichokipa makao Mazimbu, walikilipua kituo hicho cha nyuklia cha makaburu Desemba 1982. Lakini walikilipua kabla fueli haijatiwa kwenye vinu. Hata mpigania uhuru aliyekuwa akiwindwa alijua mpaka uko wapi.

Na unafiki wa wakubwa? Upo. Juni 2025 Israel na Marekani ziliporomosha mabomu kwenye vituo vya nyuklia vya Iran, na hakuna aliyewawekea vikwazo. Sheria ni msumeno, na huu wa dunia una meno upande mmoja. Hiyo bado si sababu ya sisi kuuza tukiwa tumefumba macho.

Vijana wa Namtumbo wanataka kazi, na wana haki. Mgodi usifungwe. Kiwekwe kipengele kimoja: urani yetu isiende kwa shirika linaloendesha mtambo uliotekwa kwa mtutu, mpaka liuachie. Sheria ya mwaka 2017 ya kupitia upya mikataba ya maliasili inaliruhusu Bunge kuitaka serikali ijadili upya masharti mabaya. Urani si samaki, haiozi ikingoja ardhini.

Mbunge wako akija kijiweni kusalimia, muulize kama ameusoma mkataba wa Mkuju. Akisema ndiyo, muulize mnunuzi ametajwa ukurasa wa ngapi.