Kuosha na Kung'arisha Gari kwa Mkono: Mada kwa Vijana Wanaoanza Kazi



Najua wengi wenu mnatarajia nianze na sabuni au polishi. Nitaanza na rangi, kwa sababu magari mengi yanayopita mbele yetu hayakufifishwa na jua peke yake wala na vumbi la safari. Yamefifishwa na waoshaji. Simama kando ya gari jeusi saa sita mchana, uitazame boneti pale jua linapopiga. Utaona vikwaruzo vyembamba vimezunguka ule mwanga, duara juu ya duara. Vikwaruzo hivyo havikuletwa na barabara. Vimeletwa na kitambaa chenye mchanga, mkono ukizunguka juu ya bodi.

Rangi yenyewe

Rangi ya gari la kisasa hupigwa kwa matabaka. Juu ya bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi tunayoiona, na juu ya rangi kuna vanishi angavu ambayo mafundi rangi huiita kliya. Ukiyajumlisha yote, unene wake kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150 hivi. Karatasi ya kuandikia ina unene wa kadiri hiyo. Kliya, ambayo ndiyo inayong'aa, ni karibu mikroni 40 au 50 tu. Hiyo ndiyo akiba yote aliyo nayo mwenye gari, na ikishaisha hairudi mpaka gari lipelekwe kupigwa rangi upya.

Sasa fikirieni mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida ni kwatzi, madini ambayo kwenye kipimo cha Mohs yana ugumu wa 7, yaani magumu kuliko kioo cha dirisha. Kitambaa kilichoshika chembe chache za mchanga huo ni msasa, hata kama kimenunuliwa jana. Kwa hiyo kazi ya muoshaji, ukiitazama vizuri, ni kuutoa mchanga juu ya rangi bila kuuburuta. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kabla ya sabuni

Liweke gari kivulini na uliache lipoe. Boneti iliyotoka safari ya Morogoro hukausha povu kabla hujafika mlangoni, na maji yakikauka yenyewe huacha chumvi na chokaa yake juu ya rangi. Sisi wa Dar es Salaam tunaotumia maji ya kisima tunavijua vile viduara vyeupe. Vikiwa vipya, siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huviondoa, kisha unasuuza. Vikikaa miezi chini ya jua vinakula kliya.

Lizunguke gari pamoja na mteja. Mwonyeshe mkwaruzo uliopo na bampa iliyopasuka, hakikisha vioo vimepandishwa, kisha anza na matairi na rimu. Wengi huyaacha mwisho, halafu maji machafu yanarukia milango waliyokwisha kuisafisha. Vumbi jeusi la rimu lina chembe za chuma kutoka kwenye breki. Kwa hiyo rimu ina ndoo yake, brashi yake na kitambaa chake, na vitu hivyo havigusi bodi kamwe. Mkiweza vipakeni alama, hata ya rangi ya kucha.

Baada ya hapo ni kusuuza, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo kazi inapoharibika. Mwagia gari zima maji kuanzia juu ya paa kushuka chini, polepole, mpaka maji yanayodondoka chini ya milango yaanze kuwa safi. Mwenye pampu ya presha asisogeze bomba karibu mno: umbali wa mkono mmoja unatosha, na apunguze nguvu akifika penye rangi iliyoanza kubanduka au stika za daladala. Asiye na pampu atumie mpira wa maji, na asiye na mpira atumie kopo. Kopo linafanya kazi hii vizuri kabisa, linahitaji subira tu. Ukiwa na povu, lipake na uliache dakika chache lilainishe vumbi, kisha suuza tena. Mpaka hapo mkono wako haujaigusa rangi hata mara moja, na sehemu kubwa ya mchanga imeshaondoka.

Ndoo mbili

Ndoo ya kwanza ina shampuu ya gari, ya pili ina maji matupu. Unachovya glovu ya mikrofaiba au sponji laini kwenye shampuu, unapitisha sehemu moja, kisha unaisuuza kwenye maji matupu kabla ya kurudi kwenye shampuu. Mchanga unabaki kwenye ndoo ya pili. Maji hayo yakichafuka, yabadilishe bila kuyaonea huruma. Mwenye ndoo moja anauchukua mchanga mlangoni na kuurudisha kwenye boneti, tena akiamini anaosha.

Sabuni ya unga ya kufulia nguo iacheni nyumbani. Ni kali, inaondoa nta iliyopakwa kulinda rangi, na ikitumiwa mara kwa mara inakausha raba za milango. Ya kuoshea vyombo nayo inaondoa nta. Najua shampuu ya gari ina bei, lakini huchanganywa kidogo sana kwa ndoo nzima ya maji. Soma kipimo kwenye chupa. Kuizidisha hakuongezi usafi, kunaongeza kazi ya kusuuza.

Anza juu: paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango. Malizia na nusu ya chini na bampa, kwenye tope na lami. Pitisha mkono kwa mistari iliyonyooka na mwepesi, bila kuzungusha. Sehemu ikigoma usiikandamize, iloweshe tena. Lami iliyoganda hulainika kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha pale pale unaosha kwa shampuu.

Kinyesi cha ndege kina neno lake. Mji huu una kunguru wengi, na magari mengi hulala chini ya miembe. Kinyesi kikikauka huwa kigumu na kina tindikali, na aliyezoea kukikwangua kwa kucha ameacha alama mbili, ya tindikali na ya kucha. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika kadhaa, kisha kinyanyue.

Kukausha kunafanywa kwa taulo kubwa ya mikrofaiba: itandaze juu ya bodi, iache inywe maji, ivute taratibu kuelekea kwako. Fulana kuukuu zina mishono, na mishono inakwaruza. Taulo ikianguka chini imekwisha kazi kwa siku hiyo, ifuliwe kwanza. Nimeona vijana wakiipigapiga pajani na kuendelea. Huko ni kuurudisha ule mchanga ambao umetumia nusu saa kuuondoa.

Polishi na nta

Watu huchanganya vitu hivi viwili, na wauzaji hawasaidii kwa kuandika majina yote kwenye chupa moja. Polishi ina unga mlaini unaosaga: inaondoa sehemu ndogo sana ya kliya ili vikwaruzo visionekane. Nta haisagi, inakaa juu na kulinda. Nta maarufu ya magari, ile ya kanauba, hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende wa kaskazini mashariki mwa Brazili, na huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 82 hadi 86, ndiyo maana inavumilia jua kuliko nta ya nyuki.

Kwa hiyo nta inaweza kupakwa kila baada ya miezi miwili au mitatu, hata mapema zaidi kwa gari linalolala karibu na bahari. Polishi ni dawa, na dawa hainywewi bila ugonjwa. Anayempigia mteja polishi kila wiki anamlia rangi yake huku akilipwa.

Kabla ya kupiga polishi, pitisha ukucha kwenye mkwaruzo. Ukucha ukikwama, mkwaruzo ni mrefu kwenda chini na polishi ya mkono haitauondoa. Mwambie mteja ukweli aende kwa fundi rangi. Usipokwama, jaribu sehemu ndogo iliyojificha. Weka matone machache kwenye sponji laini, fanya eneo la shubiri mbili kwa mbili tu, kwa nguvu ya wastani, kisha futa kwa mikrofaiba safi na utazame. Kingo za milango na mikunjo ya boneti ziruke, maana rangi hapo ni nyembamba. Plastiki nyeusi isiyopigwa rangi iruke pia, hubaki na madoa meupe yasiyotoka kirahisi. Kwenye magari ya zamani yasiyo na kliya, kitambaa kitachukua rangi ya gari, na hilo ni la kawaida. Lakini gari lina kliya na kitambaa kimechukua rangi ya gari? Acha hapo hapo, umeshaipita kliya.

Nta inapakwa nyembamba, inaachwa ipate ukungu, kisha inafutwa. Kuipaka nene ni kupoteza nta.

Maji yanakokwenda

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Kuosha magari ndani ya Mto Msimbazi kunaokoa gharama ya maji, lakini mafuta na lami vinaishia kwa waliopo chini ya mto, na maji yenyewe yana mchanga unaoharibu rangi ya mteja wako. Tafuteni eneo lenye shimo la kupokea maji machafu, mchangiane gharama.

Mchana tutatoka nje kufanya kwa mikono yetu. Kila kundi lichukue ndoo tatu, mbili za bodi na moja ya rimu, na yeyote mwenye pete, saa au mkanda wenye bizimu avivue kabla hajalisogelea gari.