Nani Asome Jedwali la Kazi? Mikataba ya Ujenzi na Mipango ya Halmashauri katika Mji Mdogo



Nimechagua mada hii kwa sababu ya hoja moja ninayoisikia kila mara kutoka kwa wahandisi ninaowaheshimu. Wanasema ujenzi wa mji ni kazi ya kitaalamu na diwani ni mwanasiasa, kwa hiyo mtoeni diwani kwenye ujenzi, na mji utajengeka. Nitatumia sehemu kubwa ya jioni hii kuipinga, maana imeshapenya kwenye taasisi zetu, na miji midogo ndiyo inayoumia.

Historia ya serikali za mitaa mnaijua. Nataja kipande kimoja tu ambacho wenye hoja hii hukiruka. Mwaka 1972 Serikali ya Tanzania, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ilianzisha Madaraka Mikoani. Halmashauri zikafutwa na kazi zake zikakabidhiwa watumishi wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa njema: kumpeleka mtaalamu karibu na mwananchi. Lakini mijini taka zilirundikana na mitaro ikaziba, na kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1970 kiliikuta miji haina mwenyewe. Mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikaja sheria kamili, Na. 7 ya wilaya na Na. 8 ya miji. Wataalamu walikuwepo miaka yote hiyo. Aliyekosekana ni mtu ambaye mwananchi angeweza kumwita kwenye mkutano na kumuuliza.

Mtwara, mji wa bandari kusini mwa nchi, nako kuna ushahidi wa jambo hilohilo. Bandari yake, reli iliyokwenda Nachingwea na barabara zake pana zilitokana na mradi wa Waingereza wa kilimo cha karanga wa miaka ya 1940. Mradi ule haukukosa wahandisi, mitambo wala fedha. Maarifa ya wakulima kuhusu mvua na udongo ndiyo hayakupewa uzito. Mwaka 1951 ukaachwa, na baadaye hata reli ikang'olewa.

Nirudi kwenye siku zetu. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Sisemi kuanzishwa kwake kulikuwa kosa. Mtandao wa barabara haujui mpaka wa kata, wahandisi wachache wakikusanywa pamoja husaidiana, na wapo madiwani waliogawa fedha za barabara vipande vipande ili kila kata ipate greda la siku mbili. Hayo nayakubali bila kinyongo. Lakini simameni kwenye mtaa wowote wa mji mdogo baada ya mvua. Barabara na mtaro ni vya TARURA, taka zilizouziba ni za halmashauri, na bomba lililokatisha katikati ya mtaro ni la mamlaka ya maji. Mwenyekiti wa mtaa anajua kila kitu kinachoendelea pale, na hakuna hata mkataba mmoja uliowahi kupita mbele yake. Tumeutenga ujenzi na mipango, kisha tunashangaa mipango haijengeki.

Nguzo kuu ya hoja ya wenzangu ni kwamba diwani hawezi kusoma mkataba. Basi niwafungulie waraka ninaoupenda kuliko nyaraka zote za mji: jedwali la kazi, ambalo saiti kila mtu huliita BOQ. Lina safu za maelezo ya kazi, kipimo, kiasi, bei kwa kipimo, na jumla. Linaanza na kazi za awali, yaani kuleta mitambo, ofisi ya saiti na bima. Kisha kuchimba udongo kwa mita za ujazo, kuchimba mwamba, kujaza changarawe na kushindilia, makalvati kwa kipenyo na urefu, zege, nondo kwa kilo. Ramani ya mpango mji hukuonyesha mji unaotamaniwa. Jedwali hukuonyesha mji utakaojengwa: mtaa upi utapata mtaro, wenye kina gani, na maji yake yatamwagwa wapi.

Na humo ndimo fedha inamopotea bila kuvunjwa sheria. Mikataba mingi ya barabara hulipa kiasi kilichopimwa saiti, si kile kilichokadiriwa. Chukulieni mfano. Jedwali limekadiria mwamba mita za ujazo 50. Mkandarasi mmoja amekwenda saiti na kuona kwamba zitafika 500. Anashusha bei ya kuchimba udongo na kupandisha sana ya kuchimba mwamba. Jumla yake inabaki ya chini kuliko zote, anashinda zabuni. Kazi ikianza, mwamba unajitokeza na gharama inapaa. Fedha hazitoshi, barabara inakatwa kabla ya kufika ilikotangazwa. Hakuna hati iliyoghushiwa wala rushwa iliyotolewa. Mfumo wa NeST wa zabuni za umma kwa mtandao, ambao nausifu kwa kuweka zabuni wazi, hauwezi kuujua mwamba uliofunikwa na udongo.

Nani angeujua? Yule mzee aliyechimba choo chake mtaa uleule na kukwama futi nne chini.

Nikiwa mhadhiri kijana nilihudhuria kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata katika mji mmoja wa pwani. Ilisomwa orodha ya makalvati, likiwemo moja la milimita 600. Diwani wa viti maalumu, mama lishe kwa kazi yake, akanyoosha mkono: "Mwanangu Injinia, masika maji ya bonde lile hubeba magogo ya minazi. Gogo likinasa kwenye mdomo wa bomba hilo, barabara yako itakwenda baharini." Mhandisi, kwa adabu kubwa, akasema, "Nimekusikia, mama," akarudi kupima bonde upya. Yaliwekwa mabomba mawili ya milimita 900. Mama yule hakuwa na hesabu za mtiririko wa maji, lakini alikuwa na masika mengi machoni. Kazi ya mhandisi ilikuwa kugeuza alichokiona mama kuwa hesabu, na aliifanya.

Wenzangu watasema kwamba makadirio ya bei ni siri kabla ya zabuni. Ni kweli, na yabaki siri. Kinachohitaji macho ya wenyeji ni kiasi, si bei. Watasema diwani atampendelea mkandarasi. Sheria imemweka nje ya bodi ya zabuni, na abaki nje. Kuchagua mkandarasi ni jambo moja, kusema maji yanapita wapi ni jambo jingine.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kabla ya zabuni kutangazwa, jedwali lisilo na bei lisomwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa na kwenye kamati ya halmashauri, iwe mwenye mradi ni halmashauri, TARURA au mamlaka ya maji. Mkataba ukishasainiwa, jedwali lenye bei libandikwe saiti na ofisi ya kata. Na kila hati ya malipo iambatane na vipimo ambavyo mwenyekiti wa mtaa ameshuhudia vikichukuliwa. Hapa chuoni nasi tuna deni: tunawafundisha wanafunzi wa mipango miji kuchora ramani, na wanahitimu bila kufungua jedwali hata moja. Idara yangu iko tayari kuanza.

Waheshimiwa madiwani, msingoje sheria mpya. Katika kikao chenu kijacho ombeni orodha ya kiasi cha kazi kwa mradi mmoja tu ulioko kwenye kata zenu, mkaisome na wakazi kwenye njia ya mradi wenyewe, na majibu yao muyaingize kwenye muhtasari wa kikao.