Uzito Ubebwe na Magurudumu, Punda Avute Tu

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vyenye mikokoteni ya punda

Tuliombwa tuzungumze juu ya mkokoteni wa punda, jinsi ya kuurekebisha na jinsi ya kuutunza. Hatukuja kuwauzia mkokoteni mpya. Vikundi vingi vilivyo hapa vina mkokoteni tayari. Shida ni kwamba ama umelala uani na nyasi zimeota kati ya magurudumu, ama unatembea lakini punda ana kidonda. Basi tutaongea juu ya huo huo mlio nao.

Tuanze na hesabu ya maji, maana hiyo ndiyo kazi kubwa ya mikokoteni yetu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtungi wa lita 20 basi ni kilo 20, na zaidi kidogo ukihesabu mtungi wenyewe. Mama akiubeba mgongoni, huo mmoja ndio mwisho wake. Punda wetu wa kawaida akibebeshwa mgongoni, miwili inamtosha. Wako wanaomwekea minne, na sote tumeona mgongo wa punda wa namna hiyo ulivyo. Lakini punda huyo huyo, akiwa na mkokoteni wa magurudumu ya mpira na njia tambarare, anavuta mitungi kumi, kilo 200, na jioni bado anakula vizuri. Nguvu hiyo hakuipata mahali pengine. Ni magurudumu yamebeba mzigo, yeye anavuta tu.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu ndipo penye maneno. Mkokoteni wa magurudumu mawili ni kama mizani, na ekseli ndiyo katikati ya mizani hiyo. Mzigo ukikaa sawasawa juu ya ekseli, punda habebi kitu. Ukisogea mbele, mikono ya mkokoteni inamlalia mgongoni. Ukisogea nyuma, mikono inainuka na ule mkanda wa chini ya tumbo unamnyonga.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme mzigo ni kilo 200. Kutoka ekseli hadi pale mikono inaponing'inia kwenye tandiko la punda ni mita 2, yaani sentimita 200. Sasa mitungi imepangwa hivi kwamba katikati ya mzigo iko sentimita 30 mbele ya ekseli. Zidisha 200 kwa 30, gawanya kwa 200: unapata kilo 30. Huyo punda anavuta mkokoteni na tena amebeba mtungi mmoja na nusu mgongoni, na mwenyewe wala hajui. Akifika mteremko, mzigo unaegemea mbele na uzito unazidi. Halafu tunasema punda ni mvivu!

Sentimita 10 mbele ya ekseli zinatosha, kama upana wa kiganja chako. Hapo mgongo unapata kilo 10 hivi, na mikono haiinuki ovyo njiani. Kupima ni rahisi. Kabla ya kumfunga punda, pakia mzigo wote, kisha mtu mmoja ainue mikono ya mkokoteni mpaka ilale sawa na ardhi. Uzito uwe kama ndoo iliyojaa maji nusu. Ukiwa kama debe zima, rudisha mitungi nyuma. Ikiwa mikono inapaa yenyewe, sogeza mbele.

Je, mkokoteni ukiwa umeundwa vibaya tangu mwanzo, kila ukipanga mzigo unalemea mbele? Hilo ni jambo la kawaida. Fundi wa kuchomelea huweka ekseli pale anapoona panafaa kwa macho, anaichomelea, kazi imekwisha. Dawa yake ni kuikata ekseli hiyo na kuifunga upya kwa bolti za umbo la U, mbili kila upande, ili iweze kusogezwa. Mwambieni fundi wazi kwamba hamtaki achomelee. Hatapenda, maana kuchomelea ni haraka kuliko kutoboa, lakini mkokoteni ni wenu. Mkishaifunga, pimeni umbali kutoka kila gurudumu hadi ncha ya mkono wa upande wake. Vipimo viwili vikitofautiana, ekseli imekaa upande, na matairi yatalika upesi kama sabuni.

Wengi hutumia ekseli nzima ya gari kuukuu. Ni imara, hatukatai, lakini ile yenye difu katikati ni chuma kizito cha bure ambacho punda anakivuta kila siku, hata mkokoteni ukiwa mtupu. Afadhali fundi achukue zile ncha mbili zinazoshika magurudumu, na kuziunga kwenye bomba nene la chuma. Hapo ndipo kuchomelea kunafaa, na kufanywe na mtu anayejua, maana ncha zisipokuwa kwenye mstari mmoja, magurudumu yatatembea kama mtu aliyelewa.

Rekebisho lingine ambalo halina gharama kubwa ni miguu ya kusimamia. Wekeni mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, wa mti au wa chuma, wa kukunjwa wakati wa safari. Bila miguu hii punda anakuwa ndiye nguzo. Unapakia mbele kwanza, uzito wote uko juu yake. Unashusha mbele kwanza, nyuma inalemea, mikono inaruka juu na punda karibu aninginie. Mkiwa na miguu, mnamfungua punda, anapumzika na kunywa maji, ninyi mnapakia polepole.

Kuhusu pipa la lita 200: likijaa kabisa ni sawa, likiwa nusu ni hatari. Maji yanakwenda mbele na nyuma, na kila yakirudi yanamsukuma punda. Kama hamna maji ya kulijaza, tumieni mitungi.

Sasa breki. Ninyi mnaokaa penye tambarare kama Mwea mnaweza kusinzia kidogo, lakini wa milima ya Murang'a, Machakos na Kisii tegeni sikio. Mkokoteni wa kilo 200 kwenye mteremko haumngojei punda. Kama hakuna breki, kinachouzuia ni miguu yake ya nyuma, na akianguka, mwenye kutembea mbele yake huwa ni mtoto anayemwongoza. Breki ya kijiji ni boriti iliyolala mbele ya magurudumu yote mawili, na kwenye kila ncha imepigiliwa kipande cha tairi kuukuu. Boriti inaning'inia kwa bawaba au kwa minyororo mifupi. Mti mrefu wa kuivuta unakuja ubavuni, pale mwenye kuongoza anapoufikia bila kupanda. Ukivutwa, mpira unakaza kwenye matairi. Hakikisheni pande zote mbili zinagusa pamoja, la sivyo mkokoteni utageuka njiani. Tena kuwe na jiwe au kabari ya mti juu ya mkokoteni siku zote, ya kuweka chini ya gurudumu mkisimama.

Breki iende pamoja na mkanda wa nyuma, ule unaopita chini ya mkia, kwenye mapaja, na kufungwa kwenye mikono ya mkokoteni. Mikokoteni mingi tunayoiona haina. Bila huo, punda hana namna ya kuuzuia mkokoteni isipokuwa kwa mifupa yake.

Tumefika kwenye vifungo. Punda si ng'ombe. Ng'ombe, hasa wetu wa nundu, anasukuma nira kwa shingo na bega. Punda hana nundu, anasukuma kwa kifua. Ukimvika nira ya ng'ombe, inateleza, inachubua, na nguvu yake nusu inapotea. Mtengenezeeni mkanda wa kifuani, upana wa vidole vinne au zaidi, ukae juu kidogo ya pale bega linapotokea mbele, lakini chini ya koo. Ukipanda, unaziba pumzi. Ukishuka, unazuia miguu. Mikanda ya viti vya magari makuukuu ni imara sana, ila ishonewe kitambaa cha pamba au kipande cha blanketi upande wa ngozi. Kamba ya nailoni, waya na mpira wa tyubu visiguse ngozi hata siku moja. Jasho haliwezi kutoka, na mchubuko wa leo ni kidonda cha Jumapili. Mgongoni weka tandiko lenye mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, katikati pabaki wazi.

Nao utunzaji? Hapa tutakwenda haraka, kwa sababu si kazi ngumu, ni kazi ya kukumbuka. Beringi za magurudumu zifunguliwe kila baada ya miezi mitatu, na mapema zaidi kama mkokoteni huvuka mto hadi maji yafike ekseli. Ziosheni kwa mafuta ya taa, zikauke, zijazwe grisi mpya kwa vidole mpaka itokee upande wa pili. Oili chafu ya gari si grisi. Itavuja yote kabla ya wiki kwisha na kubaki vumbi, na vumbi ndilo linalosaga beringi. Wakati wa kurudisha, kazeni nati huku mkizungusha gurudumu mpaka liwe zito, halafu mlegeze kidogo tu mpaka lizunguke kwa urahisi bila kucheza. Wekeni pini ya kuzuia nati, na iwe mpya. Gurudumu lililochomoka njiani mara nyingi ni habari ya msumari uliowekwa mahali pa pini. Kofia ya mbele ikipotea, kateni kopo la bati na mzibe.

Matairi yawe na upepo sawa pande zote. Tairi laini hufanya njia tambarare iwe kama mlima. Pampu ya kikundi ni akiba nzuri kuliko viti vya plastiki. Mkokoteni usipofanya kazi siku nyingi, uwekeni kivulini juu ya mawe, matairi yasiguse chini. Bolti zote zikazwe kila wiki, maana njia zetu mnazijua.

Kwa wanaotoka alfajiri au kurudi jioni: viakisi mwanga vyekundu nyuma, vyeupe mbele, na ubao wa nyuma upakwe rangi nyeupe. Dereva wa lori hawezi kumwona punda wa kijivu penye giza.

Sasa swali ambalo tunajua liko mioyoni: nani atafanya haya yote? Mkokoteni ni wa watu ishirini, na grisi haina mtu. Kila mmoja anautumia siku yake, na anapourudisha anasema ulikuwa mbovu alipouchukua. Tumeona vikundi vikigawanyika kwa sababu ya beringi moja. Beringi yenyewe haikuwa ghali. Maneno ndiyo yalikuwa ghali. Maoni yetu ni kwamba mtu mmoja achaguliwe kuwa mtunzaji, jina lake liandikwe kwenye daftari, na alipwe kitu kidogo. Anayeuchukua na anayeurudisha waukague pamoja naye: matairi, pini, mikanda, na mwili wa punda. Kikionekana kidonda, kazi isimame mpaka kipone, hata kama zamu ni ya mwenyekiti.

Na fedha zitengwe safari kwa safari. Mkiweka shilingi 10 kwa kila safari, na mkokoteni ufanye safari tano kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hizo ni shilingi 1,250. Zisiingie kwenye fungu la meri-go-raundi. Ni za grisi, tairi na daktari wa mifugo.

Tukumbuke pia kwamba punda si mnyama wa kununua upya hivi hivi. Tangu mwaka 2016, machinjio ya punda yalipoanza nchini kwa ajili ya kuuza ngozi nje, wizi wa punda uliongezeka na bei ikapanda. Serikali ilitangaza marufuku mwaka 2020, mambo yakafika mahakamani. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani. Hata hivyo, punda wa kikundi alale ndani ya boma, si kando ya barabara amefungwa mguu.

Maswali tutayapokea nje. Chini ya mwembe kuna mkokoteni wenye mitungi kumi, na tumeipanga vibaya kwa makusudi. Kila kikundi kitoe mtu mmoja aje ainue mikono yake, atuambie mitungi isogezwe wapi. Akina mama watangulie, maana wao ndio wanaojua uzito wa maji.