Simu Nzima, Programu Imegoma

Msikilizaji wa Chapwa na Tunduma, simu yako inawaka, inapiga, inapokea. Lakini WhatsApp imekataa. Usihangaike kubadilisha betri wala kioo. Simu si mbovu. Mfumo wake wa uendeshaji, yaani Android, ndio umepitwa na wakati. Tangu Januari 2025, WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5.

Kabla ya kununua simu, hasa iliyotumika, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu Simu. Soma toleo la Android. Likiwa chini ya 5, usiinunue kwa ajili ya WhatsApp.

Unayo tayari? Usiitupe. Bado inapiga, inatuma meseji na pesa.

Kumbuka: soma toleo kwanza, lipa baadaye.