Tuisafishe, Tusiizibe: Vali ya Kurudishia Moshi katika Magari ya Vyama

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi katika semina ya utunzaji wa mali za ushirika.)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kifaa kidogo kilichomo katika injini za magari yetu, ambacho wengi wetu hatukijui mpaka siku kinapotusimamisha njiani. Kifaa hicho ni vali ya kurudishia moshi. Najua kwamba kazi ya spana ni ya fundi, si ya katibu. Lakini malipo ya fundi hutiwa saini na katibu, na fedha hizo ni jasho la mkulima. Hatuna budi, basi, kuelewa tunacholipia.

Chama kimoja, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa na pikapu ya dizeli. Katikati ya msimu wa pamba gari likaanza kutoa moshi mweusi, likashindwa kupanda mlima likiwa na mzigo, na taa ya injini ikawaka. Fundi wa kwanza alisema nozeli zimekufa. Zikanunuliwa mpya, moshi haukukoma. Fundi wa pili alilaumu pampu. Wa tatu ndiye aliyefungua vali, akakuta masizi yameganda kama lami. Kazi ya kuisafisha ilikwisha siku ile ile. Lakini fedha za nozeli zilikuwa zimekwisha kutoka, na pamba ya wanachama ilikuwa imelala ghalani ikingoja gari.

Vali hii ina kazi gani? Hewa tunayovuta ina naitrojeni na oksijeni. Joto la injini likizidi mno, vitu hivyo viwili huungana na kuwa gesi yenye kudhuru mapafu. Kwa hiyo watengenezaji wa magari walibuni njia ya kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Moshi huo una oksijeni kidogo, nao hupunguza ukali wa joto. Wamarekani walianza kufunga vali hizo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo zimo katika magari mengi ya dizeli.

Ubaya wake ni kwamba moshi wa dizeli una masizi. Masizi yakikutana na mvuke wa oili penye njia ya hewa, hushikamana na kuwa uji mzito unaokauka. Vali ikikwama wazi, moshi huingia injini wakati wote, hewa safi hupungua, mafuta hayaungui yote, na gari hukosa nguvu. Ikikwama imefungwa, huenda dereva asione jambo, lakini ile gesi mbaya huongezeka.

Sasa nitaeleza utaratibu wa kuisafisha, ili katibu akisimama gereji ajue kinachofanyika.

Kwanza, injini ipoe kabisa, na waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Kama vali imeungwa na kipoza moshi kinachopitisha maji, maji hayo yamwagwe kwanza katika chombo safi.

Pili, plagi ya umeme au mpira wa upepo uchomolewe kwa taratibu, ndipo boliti zifunguliwe. Matundu yaliyobaki wazi yazibwe kwa vitambaa safi, na vitambaa vihesabiwe. Kitambaa au kipande cha masizi kikidondokea ndani ya injini, tutakuwa tumenunua hasara kubwa kuliko ile tuliyoikimbia.

Tatu, masizi yakwanguliwe kwa kijiti au plastiki, kisha yasuguliwe kwa brashi na dawa ya kusafishia kabureta. Kazi hii ifanyike mahali penye upepo, fundi avae glavu, na pasiwepo moto wala sigara. Upande wenye mota ya umeme usilowekwe hata kidogo, wala vali isisukumwe kwa nguvu na bisibisi.

Nne, mdomo wa njia ya hewa nao usafishwe, kwa kuwa uchafu ni ule ule. Gaskiti mpya iwekwe. Ile ya zamani isirudishwe. Mwisho, gari liwashwe, pasikilizwe kama moshi unavuja, na kosa lililoandikwa katika kompyuta ya gari lifutwe. Ikiwa vali haifunguki na kufunga sawasawa hata baada ya kusafishwa, ndipo inunuliwe nyingine.

Ndugu zangu, wapo mafundi watakaowashauri kuiondoa vali au kuiziba kwa kipande cha bati, wakisema gari litakuwa jepesi. Wahenga walituasa tuzibe ufa. Hawakutuasa tuzibe vali. Katika magari ya siku hizi kompyuta hutambua, taa huwaka daima, na taa inayowaka daima haiwezi tena kutuonya siku kosa jingine litakapoingia. Zaidi ya hayo, ile gesi huwarudia wanaosimama karibu na gari: wapakiaji, wapima mizani, na watoto wa jirani wa ghala. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Huo si moshi wa kuuongezea sumu.

Tena, kusafisha bila kuondoa chanzo ni kuteka maji kwa pakacha. Chujio la hewa likijaa vumbi, nozeli zikivuja, au oili ikipitiliza muda wake, masizi yatarudi. Nasi tuna kosa letu wenyewe: gari huachwa likinguruma saa nzima wakati magunia yanapimwa. Injini isiyo na kazi haipati joto la kutosha, nayo hutengeneza masizi. Dereva azime injini.

Naomba basi kila chama kiwe na daftari la gari, lenye tarehe, kilomita na kazi iliyofanyika. Kabla ya kuidhinisha nozeli au pampu, katibu aulize swali moja: vali imefunguliwa ikatazamwa? Swali hilo halina gharama, na laweza kuokoa malipo ya wakulima wengi.